Kiapo cha Dafallah kwenye Barabara ya Madani

Kwanza ilisikika honi. Ndefu, yenye hasira, ikitoka ndani ya vumbi upande wa magharibi, mahali ambapo kwa siku kumi na saba hapakuwa pametokea hata baiskeli. Wanaume wa kijiji cha Wad Karkab waliokuwa mkekani kando ya lami waliinua vichwa kwa pamoja, kama mbuzi waliosikia pumba ikimiminwa.

"Gari!" akasema Dafallah, na sauti ikampasuka kama ya kijana anayebalehe. "Jamani, gari!"

Ilibaki robo saa jua lizame. Jua lenyewe hakuna aliyeliona, maana vumbi lilikuwa limesimama juu ya mashamba ya pamba tangu alasiri, rangi ya manjano, na sinia za asida, ugali wa mtama, zilikuwa zimefunikwa kwa kawa mbili mbili. Kila Ramadhani wanaume wa kijiji hiki hutandika mkeka wao barabarani, wakamsimamisha kila msafiri anayekutwa na magharibi njiani, wakamshusha, wakamlisha. Atake asitake. Basi zima liliwahi kushushwa hapa, watu hamsini na wawili pamoja na bibi harusi, na Dafallah alilisimulia basi hilo miaka tisa mfululizo, kila mwaka abiria wakiongezeka.

Mwaka huu ikaja korona. Serikali ikafunga misikiti, ikafunga barabara, ikakataza watu kukusanyika. Wad Karkab walikubali msikiti ufungwe kwa sababu askari alikuja na kufuli. Mkeka haukuwa na kufuli. Wakautandika. Lakini mkeka wa futari bila mgeni ni harusi bila bibi harusi. Siku kumi na saba wanaume wale walikaa wakitazamana wenyewe kwa wenyewe, wakala chakula chao wenyewe, na aibu ikawakaba kuliko asida. Wa kijiji cha ng'ambo ya mfereji walikuwa wamempata mwendesha punda mmoja, wakajigamba wiki nzima.

Aliyeumia zaidi ni Dafallah. Alikuwa mlinzi wa malango ya mfereji, mwenye miaka hamsini na minane, mrefu, mkavu, mwenye masharubu ya jemadari na mshahara wa mlinzi. Utajiri wake ulikuwa ukarimu, na ukarimu wake ulikuwa na meno: alikulisha kwa kiapo. Na kiapo chake kilikuwa kimoja tu, kile cha wanaume wa huko, kile cha kuiweka ndoa rehani kwa bakuli la mchuzi: kisipotimia, mke ameachika.

Kwa hiyo honi ilipolia mara ya pili hakungoja kuona ni gari la nani. Alivua kilemba, akamtupia ncha moja Wad Rahama mwenye duka, wakakinyoosha kikakata barabara nzima, hatua kumi na mbili za kitambaa cheupe. Akapaza sauti kulielekea vumbi:

"Talaka iwe juu yangu! Gari hili halipiti hapa mpaka kila aliyemo ndani ale chakula changu!"

Vumbi likafunguka. Gari likasimama, bampa lake la mbele likikaribia kugusa kitambaa. Lilikuwa jeupe, lina hilali nyekundu ubavuni na taa ya buluu juu yake.

Dirisha likashuka kiasi cha vidole viwili. Ndani kulikuwa na macho. Macho tu, kwa sababu sehemu nyingine yote ilikuwa plastiki.

"Toeni hicho kitambaa!" Ilikuwa sauti ya msichana. "Mimi ni daktari, nina mgonjwa wa korona humu!"

Sasa, wanaume hawa walikuwa wamekaa miezi miwili wakisema hakuna afaye kabla ya siku yake. Walisema ugonjwa hauna miguu, Mungu ndiye humpa amtakaye. Walisema barakoa ni hijabu ya makafiri. Basi msichana alipotamka neno lile, kadari ya Mungu iliwajalia mbio ambazo vijana wao hawana. Kufumba na kufumbua mkeka ulikuwa mtupu na vilemba vilionekana mbali katikati ya pamba. Hakuna aliyekiri kwamba alikimbia. Baadaye walisema walikuwa wanaliachia gari njia. Wad Rahama aliiachia ncha yake, akapatikana nyuma ya mitungi ya maji, akisoma dua kwa kasi ya mnada.

Akabaki Dafallah peke yake, ncha moja ya kilemba mkononi, nyingine chini kwenye lami. Hakubaki kwa ushujaa. Alibaki kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuhesabu viapo, na hesabu ilikuwa mbaya.

Moja: mwaka wa mafuriko, aliapa kwa talaka kwamba fahali wa jirani hawezi kuuvuka mfereji mkuu. Fahali akavuka, tena akageuka kumtazama. Mkewe Sittana akafungasha, akaenda kwa kaka yake, akakaa siku arobaini, akarejewa. Mbili: aliapa kwa talaka kwamba mpwa wake hatoki nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mpwa alikuwa na safari, akatokea dirishani. Sittana akafungasha tena, akarejewa tena. Hata wasichana waliochuma pamba walikuwa na ubeti wao:

Dafallah mwenye kuapa, talaka i mdomoni,
Mkewe leo yu hapa, kesho yumo safarini.

Na ya tatu haina kurejewa. Ya tatu ikishuka, mke ni mwanamke wa watu, mpaka aolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli yenye godoro, na huyo naye amwache kwa hiari yake.

"Binti yangu," akasema Dafallah, na midomo ilikuwa imekauka, siyo kwa saumu. "Kuna tatizo dogo."

"Tatizo ninalo mimi! Mtungi wa hewa una dakika hamsini, na hospitali iko mbali dakika thelathini na tano. Sogea!"

"Nimeapa."

"Apa ukiwa umesogea!"

"Nimeapa kwa talaka. Hampiti kabla hamjala."

Dereva, mtu mnene mwenye barakoa kidevuni, akainamia usukani akaanza kutetemeka mabega. Alikuwa anacheka. Yeye alikuwa mtu wa huko huko, aliielewa hesabu mara moja.

"Ya ngapi hiyo, mzee?" akauliza.

"Ya tatu."

"Allah! Dokta, huyu bwana kaisha."

Kutoka kwenye pamba akajitokeza Faki Awad, mwalimu wa madrasa na imamu wa msikiti uliofungwa. Alitembea polepole, ncha ya kilemba ameifunga mdomoni na puani, kitambaa kilekile alichokuwa akikikataa kila Ijumaa. Alisimama mbali hatua ishirini.

"Mnaleta balaa kijijini kwetu," akasema kupitia kitambaa.

"Sisi tulikuwa tunapita, Maulana," akajibu daktari. "Nyinyi ndio mmetusimamisha. Na wewe si ndiye uliyehubiri kwamba hakuna maambukizi? Hotuba yako ilisambazwa kwenye simu, nimeisikia mpaka kwetu."

"Ni maneno ya Mtume, binti. Si yangu."

"Nusu yake. Mdomo huohuo ulisema tumkimbie mwenye ukoma kama tunavyomkimbia simba, na mwenye wanyama wagonjwa asiwapeleke kwa wazima. Uliishia katikati, Maulana. Ulichoka?"

Faki hakuzoea kujibiwa na plastiki. Alikohoa, na kikohozi hicho kikawafanya waliokuwa kwenye pamba warudi nyuma hatua nyingine tano. Jina la daktari lilikuwa Tasabih, na umri wake haukufika hata nusu ya ndevu za Faki.

"Kuhusu hiyo talaka," akaendelea daktari, "mahakamani haihesabiki. Kulazimisha watu chakula si kuacha mke. Mzee alipe kafara, awalishe masikini kumi, mambo yamekwisha."

"Mahakama iko mjini," akasema Faki. "Hapa tunahesabu sisi. Mbili zimehesabiwa hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyezihesabu. Nikisema ya tatu haihesabiki, watu wataniuliza zile mbili zilikuwa nini."

Nyuma ya mitungi Wad Rahama alikuwa ameacha dua. Mkewe alikuwa amefariki mwaka juzi. Alichomoza kichwa, akapangusa vumbi kwenye masharubu, akayasokota.

"Mimi niseme tu," akasema kwa upole mwingi, "kama sharia itahitaji mwanamume wa kumsitiri Bibi Sittana, mimi nipo. Kwa ajili ya sharia."

"Nitakuzika na duka lako!" akanguruma Dafallah.

"Kwa ajili ya sharia, ndugu yangu. Mbona unakasirikia sharia?"

Dereva akasema haraka kwamba yeye hana neno, yeye ni msafiri, na msafiri ana ruhusa ya kula. Ilipokuja kuangaliwa, alikuwa ameshakula tende tatu alizozitoa mfukoni, bila kungoja fatwa ya mtu. Daktari naye akasema atakula tende moja, mradi aondoke. Dafallah akahesabu kwa vidole. Wawili kati ya watatu!

"Na mgonjwa?" akauliza.

"Hapo sasa," akasema Tasabih, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikachoka. "Tangu daku namwomba anywe maji ameze dawa. Figo zinakauka. Kafunga, na hataki kufungua kabla ya adhana. Namhitaji ameze sasa hivi, siyo baada ya robo saa. Ukimshinda, mzee, nitakula sinia yako nzima."

Akazunguka akafungua mlango wa nyuma nusu. Juu ya kitanda, ameegemezwa mito mitatu, alikaa bikizee mwenye chale tatu kila shavu na tobe ya zambarau, shuka refu la kujitanda, kikombe cha hewa kimefungwa usoni. Alikishusha kidevuni kwa kidole.

"Nani anayetaka kunilisha kwa nguvu?"

"Mimi, mama. Dafallah wa malango ya mfereji."

"Dafallah yule wa fahali?"

Hata kwao habari ilifika. Dafallah akainamisha kichwa.

"Sili," akasema bikizee. Alivuta pumzi kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa kahawa ya moto. "Mimi Kaltuma, nimehiji mara mbili, nimefunga miaka sitini na moja. Anayekufa kwa tauni ni shahidi. Anayekufa amefunga ana mlango wake peponi. Nimeshika milango miwili kwa mikono yangu miwili. Niuachie mmoja kwa ajili ya asida yako?"

Dafallah akageuka kwa Faki Awad. Ombi lililokuwa machoni mwake lingelifanya jiwe litoe fatwa.

Lakini Faki alikuwa na shida zake. Hotuba yake ya mwisho kabla ya kufuli ilisema wazi kwamba anayekula mchana wa Ramadhani kwa kuogopa ugonjwa ni mwoga wa dunia na aliyefilisika akhera. Wanaume thelathini walikuwa kwenye pamba wakisikiliza. Aendeje sasa kumbembeleza hajja ale, na adhana haijaadhiniwa?

Kwa upande mwingine, Sittana alikuwa dada yake. Akiachwa anakwenda wapi? Kwa kaka yake. Zile siku arobaini mara mbili, Faki alizikumbuka vyema. Sittana aliwapangia wake zake zamu upya. Aliitoa sandukuni sanda aliyojiwekea, akasema mtu anayeogopa kufa asilale karibu na sanda. Alimnyima sukari kwenye kahawa. Na safari hii isingekuwa siku arobaini.

"Hajja," akasema Faki, akifungua kitambaa mdomoni ili maneno yatoke vizuri, "mgonjwa ana ruhusa. Msafiri ana ruhusa. Wewe ni mgonjwa unayesafiri. Ruhusa mbili! Na Mwenyezi Mungu hupenda ruhusa zake zichukuliwe. Anayezikataa ni kama aliyerudisha zawadi kwa mwenyewe."

"Mwanangu alikuwa msikitini kwako ile Ijumaa," akasema Hajja Kaltuma. "Hukusema hivyo."

"Nilikuwa nazungumza na wazima."

"Fatwa yako imekuja mbio, Faki. Fatwa ikija mbio, angalia kinachoifukuza." Akarudisha kikombe usoni, akafumba macho.

Hapo ndipo Sittana alipotokea kwenye njia ya mfereji, jagi la hulumuri, kinywaji chekundu cha mtama, kichwani na bakuli la tende mkononi. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu asiyetarajia jema barabarani. Wanawake huleta vyakula hadi mwisho wa pamba wakarudi, lakini alikuwa ameona mkeka mtupu na mumewe amesimama kichwa wazi mbele ya gari la hospitali, akaendelea kuja.

Miaka thelathini na moja alikuwa akibishana na mtu huyu. Korona ilipoanza naye akasema kilichoandikwa kimeandikwa, Sittana alimuuliza kwa nini basi anafunga malango ya mfereji kila jioni. Si aache maji yaliyoandikwa yajiendee yenyewe? Dafallah akaapa kwa talaka kwamba hataki mjadala, kisha akakumbuka na kusema alikuwa anatania.

"Safari hii ni nini?" akauliza Sittana. "Fahali tena?"

Wad Rahama akatabasamu, akamsalimia kwa heshima mpya kabisa.

"Dada," akasema Faki Awad, "mumeo ameapa gari halipiti kabla wote hawajala. Hajja aliyemo ndani amefunga, hataki kula. Na hewa yake inaisha."

Sittana akatua jagi chini. Aliitazama lami, akakitazama kilemba, akamtazama mumewe.

"Nilikuwa nakoroga asida," akasema polepole. "Mimi nakoroga asida yako huku wewe unaniacha."

"Sittana, sikuona ni gari la nani. Vumbi..."

"Ungeona ungefanyaje? Ungeapa kwa sauti ndogo?"

Akaenda ubavuni mwa gari, akachungulia mlango wa nyuma kutoka mbali alipoonyeshwa na daktari. Alimwona bikizee, kifua kinavyopanda kwa shida na kushuka kwa haraka. Alimwangalia muda wa pumzi kama tano hivi. Kisha akarudi mbele ya gari, akaokota ncha ya kilemba iliyokuwa chini, akaanza kukikunja kuelekea kwa mumewe.

"Unafanya nini?" Dafallah akauliza.

"Naondoa nguo barabarani. Wapite."

"Wakipita umeachika!"

"Basi nimeachika. Yule mama atakata roho hapa akisubiri heshima yako. Mimi nimeshaachwa kwa ajili ya fahali. Kwa ajili ya mtu angalau nitaona fahari. Achia."

Walishika kilemba kila mmoja upande wake, kitambaa kimekaza kati yao. Dafallah alikuwa na nguvu kumshinda, mikono yake ilikuwa imefungua malango ya chuma miaka thelathini. Angeweza kushikilia. Adhana ilibaki dakika chache. Angesimama tu, bikizee angefuturu, ndoa ikapona. Au bikizee asingefuturu. Alizikumbuka zile siku arobaini: nyumba iliyokuwa kimya kiasi cha kusikia mchwa, yeye akizungumza peke yake na bila wa kumbishia, akishinda kila hoja bila kufurahia hata moja. Safari hii hakuna siku ya arobaini na moja.

Kutoka ndani ya gari kikasikika kikohozi, kirefu, kisichotaka kuisha.

Dafallah akafungua vidole.

Kilemba kikamponyoka, kikamfuata Sittana. Dafallah akasogea hadi kando ya lami, akasimama kwenye vumbi, na akajikuta ameweka mikono nyuma kama mtoto aliyevunja kitu.

"Nendeni," akasema. Hakuapa.

Dereva akaliwasha gari. Halijasogea, ngumi ikagonga ukuta wa bati kwa ndani: ngo, ngo, ngo.

"Zima!" akafoka Hajja Kaltuma. "Zima, mnene wewe! Nani amesema twende? Fungua huo mlango. Wewe, mwenye asida, njoo nikuone."

Sittana akasogea. Daktari akamzuia hatua sita kutoka mlangoni.

"Unamtaka mwanamume huyu?" akauliza bikizee.

Hata Wad Rahama aliacha masharubu yake. Dafallah alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa havijawahi kumvutia kiasi hicho.

"Baadhi ya siku," akasema Sittana.

"Siku ngapi kwa wiki?"

Sittana akafikiri kwa haki, kama anayepima mtama. "Nne. Tano, akiwa na zamu ya usiku."

Bikizee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka tena kicheko. "Mimi wangu nilimtaka siku mbili, na alipokufa nililia mwaka mzima. Nne ni nyingi mno. Leta tende."

"Hajja, saumu yako," akasema Faki Awad kabla hajajizuia, mazoea ni kilema.

"Nyamaza wewe, mwenye fatwa ya mbio. Sili kwa ruhusa yako. Mwanamke kaiachia nyumba yake kwa ajili ya pumzi zangu, nami nishindwe kumwachia mchana mmoja? Huo mlango mwingine nitaugonga; nikikuta umefungwa, nitapitia ule wa wenye kusameheana. Lete na hicho kinywaji."

Sittana akaweka bakuli na jagi chini, akarudi nyuma. Daktari akavichukua, akamimina hulumuri kwenye kikombe cha karatasi, akampa bikizee pamoja na vidonge vitatu. Na hivyo, mchana wa Ramadhani, Hajja Kaltuma aliyefunga miaka sitini na moja akala tende mbili na kunywa vikombe vitatu vyekundu, mbele ya kijiji kilichojiita kijiji cha wacha Mungu. Wanaume waligeuza nyuso upande wa mfereji kwa aibu, kisha mmoja mmoja wakarudisha macho kuhakikisha amemeza.

"Kameza?" mmoja akanong'ona.

"Kameza."

"Alhamdulillahi," wakasema kwa pamoja. Haijawahi kutokea saumu iliyovunjwa ikashukuriwa namna ile.

Daktari Tasabih akageuka upande, akainua ngao yake ya plastiki, akala tende moja, akabaki ameishika kokwa mkononi bila kujua aitupe wapi. Alipoongea tena, aliongea na wote.

"Bakuli na jagi msivirudishie nyumbani, nitaondoka navyo. Kunjeni huo mkeka. Kila mtu aliyesogea hapa akae kwake siku kumi na nne. Maulana, hili litangaze kwenye kipaza sauti, na lile la simba pia. Lote, mpaka mwisho."

"Inshallah," akasema Faki.

"Si inshallah ya kukataa?"

"Ya kukubali," akasema, na ndevu zake zikaonekana kupungua kidogo.

Gari likaondoka. Taa ya buluu ikamezwa na vumbi la upande wa Madani, honi ikasikika mara moja, ikapotea. Muda mchache baadaye Faki Awad aliadhini kwenye kipaza sauti cha paa la msikiti uliofungwa, na alipofika kwenye maneno ya kuwaambia watu waswali majumbani mwao, maneno aliyokuwa akiyapitia kwa kuyatafuna tangu yaagizwe, safari hii aliyatamka yote, moja moja. Wanaume wakafungua kinywa kwa maji, kila mmoja amesimama pake, mbali na mwenzake. Wad Rahama alirudi dukani akiwa mtu wa huzuni.

Dafallah alikunja mkeka peke yake. Sittana alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji, kilemba kimekunjwa mapajani mwake, hajaelekea nyumbani wala kwa kaka yake. Mumewe akasimama hatua kadhaa kutoka hapo, maana daktari alisema hatua kadhaa.

"Wamekula wote," akasema. "Haikushuka."

"Nimeona."

"Twende basi, ufuturu."

"Leo haikushuka. Kesho utaapa mkate umeiva. Keshokutwa utaapa punda ni dume. Mimi nina shingo moja, Dafallah, na wewe kila siku unaitia kitanzini."

"Sittana, talaka iwe..."

"Nyamaza!" ikapigwa kelele kutoka kila kona ya pamba, sauti thelathini kwa mpigo, na ya Faki Awad ikatoka kwenye kipaza sauti, ambacho alikuwa hajakizima.

Dafallah akaufunika mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Alipovitoa, alitafuta neno la kushikilia ahadi kama watu wanavyotafuta fimbo gizani, na kila alilolifikia lilikuwa kiapo. Lile likakataa. Na lile. Mwisho alizungumza taratibu, bila masharubu, kwa sauti ambayo Sittana hakuwahi kuisikia tangu siku za posa:

"Sittana, mkeka huu sitautandika tena mpaka ugonjwa upite. Na mtu akikataa chakula changu, nitamwambia kwaheri, nami nitakula peke yangu. Nakuahidi. Sina ninachoapia. Nakuahidi hivihivi tu."